Maji ya Mguu wa Bi Somoe

Wamenipa kanga doti moja, ndoo mbili na saa ya ukutani isiyo na betri, wakasema sasa nimestaafu. Ndoo nilizikagua palepale mbele ya wageni. Moja ina ufa. Nyinyi vijana mnaobaki kliniki mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu ya kukanda maji ya matende, kwa sababu kitabu cha mafunzo kinaeleza mikono ipite wapi lakini mengine hakiyasemi. Haya, nitaandika hayo mengine. Habari za vyeo naziruka, hazina utamu.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nauza korosho pale Mingoyo, njia panda, mabasi yanapogawana ya Mtwara na ya bara. Biashara ya dirishani ni shule. Basi likiondoka kabla hujamaliza, ama limeondoka na korosho zako ama limekuachia ugomvi wa chenji. Ndiyo maana kila kitu nakihesabu mara mbili, na mtu akiniambia bei ya mwisho mimi ndiyo kwanza naanza. Kliniki waliniajiri kuchota maji na kufua mashuka. Siku ya kwanza niliingia na ndoo kichwani, nikakuta mama mmoja amelala kitandani na kikongwe mwembamba amesimama juu yake, viganja vyote viwili vipo shingoni kwa mgonjwa. Nilidhani anamnyonga. Nikatua ndoo ili nipate mikono ya kuamulia.

"Beba ndoo yako," alisema bila kugeuka. "Mguu ndio mgonjwa. Huku nafungua mlango tu."

Huyo ndiye Bi Mwanahawa, mwalimu wangu. Alichoniambia siku ile nimekirudia kwenu mpaka mmekichoka, ila nakiandika. Matende huletwa na vijidudu vya mbu vinavyoharibu njia za maji ya mwili, maji yakakaa mguuni hayana pa kupita. Ukianzia mguuni unayasukuma kwenye mlango uliofungwa. Kwa hiyo unaanza juu: vishimo viwili juu ya mitulinga, kisha kwapa, kisha mgonjwa avute pumzi ya tumbo, kisha kinena pale panapotoka mitoki, ndipo ushuke pajani, gotini, kwenye muundi, na unyayo uwe wa mwisho. Unashuka hatua kwa hatua, lakini kila mkono unaopita unaelekea juu. Mafuta hayatumiki, wala nguvu. Ngozi inasogezwa, haisuguliwi.

Nguvu ndiyo ilikuwa taabu yangu, kwa sababu mikono ya kukaanga korosho haina adabu. Bi Mwanahawa alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka yakashika utando, akaniambia niweke vidole juu na kuusogeza ule utando bila kuuchana. Nilichana. Maziwa yaliyochanika niliruhusiwa kuyanywa, kwa hiyo kujifunza kwangu kulichukua muda mrefu kuliko kulivyostahili.

Alikuwa na kazi ya pili. Alikuwa muosha maiti wa wanawake mtaani kwetu. Hakuificha wala hakuitangaza. Akifika asubuhi na harufu ya kafuri kwenye mikunjo ya kanga, mimi nilijua Lindi kuna msiba kabla ya kipaza sauti cha msikiti. Niliwahi kumwuliza kama wagonjwa hawatachukia.

"Mikono ni hii hii," akasema. "Wale wa kule hawana haraka. Ndiko nilikojifunzia kutokuwa na haraka."

Alikuwa na namna yake. Alianza upande wa kulia. Alimimina maji kwa kopo, kidogo kidogo, akaosha kwa sabuni, akakausha katikati ya vidole. Kabla ya kugusa alinong'ona, "Nakuja mguuni, mama," hata kama mgonjwa amelala. Na walikuwa wanalala. Chini ya mikono ile mtu alilala usingizi ambao mimi sikuupenda. Nilikuwa nachungulia kifua kama kinapanda, na nikishaona kimepanda, nachungulia tena.

Kabla sijafika kwenye habari yenyewe, mambo ya kazi. Mgonjwa akiwa na homa ya matende, mguu umewiva na unachoma, usikande wala usifunge bandeji. Maji ya baridi, mguu uinuliwe, aende akapate dawa. Uvimbe uliokuja ghafla mguu mmoja na kuuma, peleka hospitali, inaweza kuwa damu imeganda. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwulize daktari kwanza, maana maji unayoyasukuma yanarudi huko huko moyoni. Na siku hizi naona simuni kuna saluni za mjini zinakanda watu nyuso na kusema zinatoa sumu. Mimi nimekanda miguu maisha yangu yote, sumu sijaiona. Nimeona maji tu, na mgonjwa akishuka kitandani anauliza choo kiko wapi. Matende hayaponi kwa kukandwa. Mguu unapungua, homa zinapungua ukioshwa kila siku, mtu anavaa viatu, anaenda shamba. Hiyo ndiyo bidhaa yetu, msiiuze kwa jina lingine.

Sasa Bi Somoe.

Alikuwa mjane wa Kikole, mkulima wa ufuta, mguu wa kulia umejaa tangu ujana wake. Mwaka ule ulikuwa umemwelemea, hatoki nje ya mlango. Bintiye, Sharifa, alituomba tumfuate nyumbani, na kliniki ikaturuhusu. Tulimkuta ametoka kwenye homa kali. Mguu ulikuwa umepoa na dawa alikuwa amemaliza, lakini mwili umechoka, macho hayafunguki vizuri. Bi Mwanahawa akataka mwanga wa dirisha, tukageuza kitanda. Tukatandika shuka letu jeupe. Tukaanza kulia, kopo kwa kopo, sabuni, kitambaa. Tukakanda shingo, kwapa, kinena, tukashuka. Maji yalikubali, nilipima muundi kwa futi ya fundi cherehani, nikapima tena, ulikuwa umepungua vizuri. Tukaweka pamba, tukafunga bandeji kuanzia vidoleni, ikibana chini na kulegea juu. Bi Somoe alilala tangu mwanzo mpaka mwisho. Tukamwachia Sharifa maagizo, tukaondoka.

Keshokutwa yake simu ililia asubuhi.

"Mama Zuhura, shikamoo. Ni Sharifa wa Kikole. Mama anasema amekufa."

"Marahaba. Anasema nani?"

"Anasema mwenyewe."

"Basi bado."

"Usinicheke, mama. Hali kitu. Hata maji hanywi, tangu mlipoondoka. Anasema mmeshamwosha."

Nilimtazama Bi Mwanahawa, alikuwa anakunja mashuka. Nilimweleza. Akaketi juu ya mashuka aliyoyakunja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole: shuka jeupe, kopo, kuanzia kulia, pamba, kitambaa kirefu kuanzia miguuni. "Na kafuri," akasema, akainusa kanga yake. "Na kile kitanda, Mama Zuhura. Tulipokigeuza, uso ulielekea wapi?"

Nikakumbuka dirisha. Nikakumbuka msikiti wa pale umeelekea wapi.

Gari tulilokodi siku ile nilikubali bei ya kwanza. Waliokuwepo stendi ni mashahidi.

Tulifika jua likiwa juu kabisa. Watu walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka, wanaume upande wao, wanawake upande wao, na kuni zimeshapangwa kwa ajili ya kupika. Hakuna aliyekuwa analia. Niliinama kwa mama mmoja nikamnong'oneza, "Nani amefariki?"

"Hatujaambiwa," akasema. "Bi Somoe ndiye aliyetuita."

Ndani kulikuwa na joto na kimya. Bi Somoe alikuwa amelala chali, uso ameuelekeza kibla. Bandeji yetu ameifungua mwenyewe na kuifunga upya, miguu yote miwili pamoja, kuanzia vidole gumba, kama wanavyofungwa wale wasiorudi. Pamba yetu ameiweka masikioni. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Shikamoo, Bi Somoe," nikasema.

Macho yapo wazi, yanatazama dirisha. Hayakuwa macho ya mtu aliyekasirika. Yalikuwa ya mtu anayesubiri gari.

Alikuwapo Bi Chiku, mtani wa ukoo ule. Wenyewe mnajua, huku kwetu mtani anaruhusiwa kumtania hata maiti, na waliofiwa hawana ruhusa ya kununa. Sharifa alikuwa amemwita makusudi. Bi Chiku akashika kiuno.

"Ewe Somoe! Maiti gani wewe, umenyoosha miguu kama bibi harusi anasubiri hina? Inuka, ufuta wako unaliwa na mbuzi wangu. Nimewafungulia mwenyewe!" Uani watu walicheka. "Na ule mkeka wako mpya nauchukua. Na sufuria. Na yule jogoo nimeshamchinja, ana mafuta, hakufanana nawe!"

Bi Somoe hakupepesa jicho. Bi Chiku akamkaribia, akamtazama kwa muda, kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Sauti ya utani ilikuwa imemtoka.

"Mimi nimetania maiti wengi," akaniambia. "Wengine unawaona wanajizuia kucheka. Huyu hayupo."

Sharifa akanishika mkono. "Mama Zuhura, mlimpitisha mikono kwenda juu. Sasa ipitisheni kwenda chini. Mrudisheni mlikomtoa."

"Siwezi, mwanangu. Nikishusha mkono naujaza unyayo maji. Mguu utapasuka."

"Bora mguu."

Na hapo nyinyi mnaosoma mseme mngefanya nini. Mara Bi Somoe akasema. Sauti ilitoka kavu, bila haraka, na hakumwambia mwingine ila Bi Mwanahawa.

"Umeniosha vizuri. Mbona mnanichelewesha? Jua linapinduka."

Sharifa alitoka nje mbio. Mimi nilibaki.

"Maiti hasemi, Bi Somoe," nikasema.

"Nasema kwa kuwa hamjanizika."

Nimebishana na makondakta, nimebishana na wapima ufuta kwenye mizani. Hoja kama ile sikuwahi kukutana nayo.

Bi Mwanahawa akafungua ile bandeji, zamu kwa zamu, akaitenganisha miguu. Akapanda kitandani akakaa nyuma ya Bi Somoe, akamwinua akamwegemeza kifuani kwake ili aione miguu yake. "Dada yangu," akamwambia, "mimi nawaosha wale na nawakanda hawa. Najua wanavyotofautiana. Mama Zuhura, bonyeza."

Nilielewa. Niliweka kidole gumba kwenye muundi wa Bi Somoe, nikabonyeza, nikangoja, nikakiondoa. Kikabaki kishimo, kirefu, umbo la kidole changu.

"Ukimbonyeza maiti," Bi Mwanahawa akasema taratibu sikioni mwake, "shimo linabaki. Anaenda nalo. Wako huko chini wengi wana alama za vidole vyangu. Aliye hai shimo lake linajaa. Haya, tutazame."

Tukatazama. Bi Chiku naye akaja kutoka ukutani.

Kishimo hakikujaa.

Nilianza kuhesabu, nikaacha. Mtu asiyekunywa maji tangu juzi, amejifunga miguu, sikujua mguu wake utajibu lini, au kama utajibu. Bi Mwanahawa alikuwa hapumui. Nzi alitua ukingoni mwa kile kishimo, akakizunguka, akaingia. Nilitaka kumfukuza, nikaogopa kuugusa mguu. Halafu nzi akaonekana mgongo. Kisha miguu yake. Alikuwa hajasogea; chini yake palikuwa panapanda, polepole, kama unga unaoumuka, mpaka akasimama juu ya ngozi iliyolingana, akaruka.

Bi Chiku alisema "Laa ilaaha," akakaa chini sakafuni.

Bi Somoe aliutazama mguu wake. Akautazama tena. "Basi mimi nipo," akasema.

"Upo," tukasema sote.

Alifikiri kidogo. "Sasa mliyemwosha ni nani?"

Bi Mwanahawa aliitazama mikono yake. Na Bi Somoe, bila kusubiri tuseme, akajisogeza kuelekea ukutani, kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani.

"Azikwe," akasema. "Nitakula akishazikwa. Siwezi kula mbele yake."

Hapo sasa nikapata pa kushika, kwa sababu mtu akishataja sharti biashara imefunguliwa. "Uji kwanza," nikasema. "Mazishi baadaye."

"Mazishi kwanza."

"Mfiwa ni wewe. Mfiwa akianguka njiani tutazika wawili, na watu wamejiandaa kwa mmoja."

"Kijiko kimoja."

"Bakuli."

"Una roho ngumu, wewe mwanamke."

"Nilikuwa Mingoyo. Nusu bakuli sasa, nusu tukirudi."

Akakubali. Sharifa alileta uji. Bi Somoe aligeukia ukutani kabisa, akanywa akiwa ametupa mgongo, kimyakimya, kama unavyokula kwa siri ili mgeni asione. Ile nusu aliimaliza. Sharifa alilia kwenye mlango.

Azikwe nani, ndiyo ikawa kazi. Nilimtolea Bi Somoe bandeji kuukuu kutoka mkobani, imeshachoka kuvutika, nikasema tutaifukia hii. Akaitazama mara moja tu. "Siyo. Ile aliyofungwa." Ile ilikuwa mpya, mali ya kliniki, na yuko mtunza stoo anayejua bandeji zake kwa sura. Nikaiokota sakafuni. Ilikuwa imelala pale Bi Mwanahawa alipoifungulia, na pamba yake ndani, bado ina umbo: kisigino, kifundo, muundi. Nilipoiinua ilikuwa nzito. Nikaihamishia mkono wa pili, kupima tena. Ilikuwa nzito vilevile. Nikajiambia ni maji na jasho, na nawaambia nanyi hivyo hivyo.

Bi Mwanahawa alisimama mlangoni akawaeleza watu uani bila kuzungusha. "Hapa hakuna maiti. Hakuna sala wala talkini ya kaburini. Tunafukia kitambaa, na kufukia kitambaa si dhambi. Anayetaka kuondoka aondoke." Hakuna aliyeondoka. Wanaume walichimba nyuma ya nyumba, mpakani mwa ufuta, shimo dogo, na nikaona wamelichimba kwa kuelekea upande unaostahili bila kuambiwa.

Bi Somoe alitoka kwa miguu yake. Mwaka mzima hakuwa amekivuka kizingiti. Nilitaka kumshika, Bi Mwanahawa akanivuta kanga. Tulimfuata nyuma. Mguu wa kulia ulikuwa umepungua mpaka unauona mfupa wa muundi, ngozi imekunjamana kama nguo ya mtu mwingine, na aliukanyagia pole pole, lakini aliukanyagia. Bi Chiku, ambaye kwa desturi angeingia shimoni na kudai chochote ili atoke, alisimama pembeni na mdomo umefungwa. Niliiweka bandeji. Kila mtu alitupia udongo kidogo. Upepo haukuwepo, ila ufuta wote ulikuwa unachezacheza.

Tuliporudi Bi Somoe aliketi kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha, akauliza nusu yake iko wapi. Alikunywa mbele ya watu wote, akarudisha bakuli, akasema haukutiwa chumvi. Sharifa akaenda kuongeza. Na watu, wangefanya nini, walikuwa wamekuja msibani. Wakapanga mstari, mmoja mmoja wakainama kumpa mkono wa pole. Alizipokea zote kwa heshima, akiitikia kwa jina la kila mtu.

Mimi nilikuwa wa mwisho. "Pole, Bi Somoe," nikasema.

Alinishika mkono kwa viganja vyake viwili. Vilikuwa na joto, na mshipa unapiga. Niliupima bila yeye kujua, mara mbili.

"Pole na wewe, mwanangu," akasema. "Alikuwa akiisifu sana mikono yako."